WANA-HELMETI NA "PISHAAA!" YAO: NJIA YA MLALI SIO UWANJA WA KUTAFUTIA KIKI

Video huwa ni ile ile, inabadilika sura ya mtu tu. Kamera imebanwa kwenye helmeti, mbele kuna barabara ya vumbi, mibuyu pembeni, anga la Dodoma halina wingu hata moja, na mdundo wa amapiano umewekwa juu yake. Sekunde kama ya kumi hivi anatokea mama mwenye ndoo kichwani. Inasikika sauti: "Pishaaa! Pisha mama!" Mama anarukia kwenye miiba, maji yanamwagika, gurudumu hilo linapita, vumbi linamfunika. Chini kuna vikatuni vya kucheka na maneno ya kujipa moyo, eti hakuna kulala, mwili haujengwi kwa mdomo. Laiki zinamiminika.

Majina hayatajwi hapa, wenyewe wanajijua. Yupo staa wa mitandaoni aliyegundua mazoezi baada ya kiki ya mapenzi kupoa. Yupo bosi kijana ambaye baiskeli yake ni bei ya bodaboda mbili mpya, na bei hiyo anaitaja kabla hajataja jina lake. Yupo mdada wa kishua anayepiga picha na mtoto wa kijijini bila hata kumuuliza anaitwa nani, kisha anaandika kwamba amejifunza unyenyekevu. Kuendesha baiskeli hakuna ubaya wowote, na kama nchi hii ingekuwa na waendesha baiskeli mara kumi ya waliopo, kifua cha kila mtu wa Dar na Dodoma kingeshukuru. Ubaya unaanzia pale mtu wa kwenye pedeli anapomuona wa miguu kama kizuizi kilichowekwa njiani kumharibia muda wake wa Strava.

Hebu ichukuliwe njia yenyewe. Mlali ni kata ya Wilaya ya Kongwa. Anayetoka Dodoma mjini anashika lami ya kwenda Morogoro, anaiacha pale Pandambili, na kuanzia hapo ni barabara inayopitia Mlali kuelekea Ng'hambi. Kwa mtu wa mazoezi hiyo ni asali. Magari machache, mandhari ya kufa mtu, kilima hapa na pale, na ardhi inayopiga kelele chini ya tairi pana. Ndiyo maana njia za aina hii zinawavuta watu wa mjini wikendi. Hakuna foleni, hakuna basi linalokukwangua bega.

Ila hiyo hiyo barabara ni korido ya nyumba ya watu. Asubuhi wanapita wanafunzi. Wanapita ng'ombe na mbuzi na kijana mwenye fimbo begani. Wanapita kina mama na madumu ya maji, wazee wanaokwenda zahanati, mabinti wenye kuni, na mkulima anayesukuma Phoenix yenye gunia la alizeti kwenye keria, ambaye haendeshi kwa sababu mzigo ni mkubwa kuliko yeye. Hakuna njia ya pembeni. Hakuna kivuko cha punda milia wala kibao. Wote wanatumia ukanda ule ule mgumu ulioshindiliwa na magurudumu, kwa sababu nje yake ni mchanga na miiba.

Na Mlali ina kitu kimoja ambacho kinatakiwa kumtoa mtu jasho la aibu kabla hajapaza hiyo "pishaaa" yake. Ina kituo cha kuhudumia watoto wenye ulemavu, ambako watoto wanatibiwa na kufundishwa kusimama na kutembea kwa magongo na vyuma vya miguuni. Mtoto wa namna hiyo, akikutana na genge la baiskeli nane zinazoteremka kilima, anaruka kwenda wapi? Anageuka kwa kasi gani? Na yule kiziwi ambaye hata kengele haisikii je?

Hapa ndipo wana-helmeti wanapotoa povu: "Barabara ni ya wote!" Kweli kabisa, ni ya wote. Lakini hesabu ya darasa la saba inakataa kwamba wote wako sawa. Mtu anayetembea kawaida anakwenda kama kilomita 5 kwa saa. Baiskeli nzuri kwenye mteremko inafika 30 bila shida. Akiwa mita 25 mbele yako na mnaelekea upande mmoja, una sekunde tatu na ushee tu kumfikia. Katika sekunde hizo yeye anatakiwa asikie, aelewe sauti inatoka wapi, aamue kushoto au kulia, na ahame akiwa na ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 juu ya shingo. Wewe unatakiwa kubana vidole viwili kwenye breki. Nani hapo ana kazi rahisi?

Kingine ambacho mabishoo wa gia 24 hawapendi kukisikia: kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Kwenye changarawe, breki haishiki kama kwenye lami, tairi linateleza. Kwa hiyo yule anayetoka 15 kwenda 30 kwa saa ili video iwe tamu amejibebesha mzigo wa kugonga mara nne zaidi, na ameamua mwenyewe, kwa raha yake. Mama mwenye ndoo hakuamua chochote. Alikuwa anatoka kisimani.

Waingereza, ambao kwa ubishi wa barabarani nao hawajambo, walibadilisha mwongozo wao wa barabara Januari 2022. Waliweka ngazi: anayeweza kumuumiza mwenzake zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuwa mwangalifu. Lori linamwangalia mwenye gari dogo, gari dogo linamwangalia mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli anamwangalia wa miguu. Kwenye njia za kando ya mifereji ya London, ambako wakimbiaji, baiskeli na wasukuma vitoto wanabanana kwenye upana wa kitanda, utaratibu ni kwamba wa miguu ndiye wa kwanza. Na bado wanagombana, wala isidhaniwe kule ni peponi. Ila angalau mwenye baiskeli akimkwaruza mtu hasimami kifua mbele kudai kwamba aligongwa na mtembea kwa miguu.

Sasa swali la kuudhi zaidi: tabia hii imetoka wapi? Mbona watu wale wale ni wapole ofisini, wanasema "samahani" kwenye lifti, lakini wakipanda baiskeli wanageuka madereva wa basi la mkoani?

Jibu ni kwamba wameipata mjini, tena wameipata wakiwa wao ndio wanaonewa. Anayeendesha baiskeli Dar es Salaam anajua. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza kazi Mei 2016, kandokando ya Barabara ya Morogoro kulikuwa na njia nzuri za wa miguu na baiskeli. Jiji likapata hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Nenda kaangalie nani anaitumia njia ile. Bodaboda. Inapita kwa honi, kwa spidi, na mwenye baiskeli anabanwa ukutani huku anatukanwa. Kabla ya hapo, meza za wamachinga zilikuwa zimechukua sehemu kubwa ya pembeni za barabara za Dar mpaka walipohamishwa mwishoni mwa 2021, na hao nao walikuwa wanatafuta riziki, hawakuwa wanatafuta laiki. Mwenye baiskeli mjini ni mtu wa kusukumwa. Daladala inamkatia mbele, gari la kishua linamfungulia mlango usoni, na akianguka anaambiwa "si ungepanda gari".

Basi mtu huyo huyo anatoka nje ya mji, hayupo wa kumsukuma, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwenye kasi kubwa njiani. Anafanya nini? Anafanya yale yale aliyofanyiwa. "Pishaaa" ya Mlali ni honi ya bodaboda ya Kimara iliyobebwa hadi Kongwa. Aliyekuwa analalamika kwamba barabara za nchi hii zimejengwa kwa ajili ya wenye magari peke yao, leo anataka ya vumbi iwe ya wenye baiskeli za bei mbaya peke yao. Inachekesha kidogo, halafu haichekeshi tena.

Kuna upande wa pili, na bila kuusema ingekuwa uonevu. Wa miguu nao wana vituko vyao, hasa wa miguu wa mjini. Kuna klabu za jogingi zinazojipanga watu sita kwa upana, spika kubwa mgongoni mwa mmoja, wimbo juu, na barabara nzima imefungwa kama msafara wa kiongozi. Tangu mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa bado Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi, na ilikuwa jambo jema. Ila kuna watu walielewa kwamba wamepewa na barabara. Kuna mabinti wa selfi kwenye Daraja la Tanzanite, lile la kilomita moja juu ya bahari lililozinduliwa 2022, wanaosimama katikati ya njia ya wapita kwa miguu dakika kumi wakitafuta upande wa sura, nyuma yao watu wanajaa. Kuna mchizi mwenye hedifoni masikio yote mawili anayekata kona ghafla bila kugeuza shingo. Hao wakipigiwa kengele na kuambiwa "kaka, shika kushoto" wasinune. Ni haki.

Lakini tofauti ipo. Mchizi wa hedifoni akikosea, mara nyingi anayeumia ni yeye. Mwenye baiskeli akikosea kwa wa miguu, anaumia mwingine. Na mama wa Mlali hana hedifoni, hana selfi, hajajipanga sita kwa upana. Kumtupia lawama za mjini ni kumbambikia kesi.

Kongwa, kwa taarifa ya wasiojua, imewahi kutembelewa na watu wenye mashine za gharama walioitazama kama pori tupu. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari, bila kujali sana wenyeji wanajua nini kuhusu mvua na udongo wa pale. Ilipofika 1951 mradi ulikuwa umekufa, na mamilioni ya pauni yamekwenda na vumbi. Baiskeli nane haziwezi kufanya hasara hiyo, ni kweli. Ila jicho ni lile lile: mahali pazuri, bahati mbaya pana watu.

Wanaotaka kuona namna ya kuchangia njia waende Nairobi, Msitu wa Karura. Msitu huo Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakizuia usigawiwe kwa wajenzi wa majumba. Leo familia zinatembea, wakimbiaji wanakimbia, mbwa wanavutwa kamba, na baiskeli zinaingia humo humo. Ni kwa sababu baiskeli zimewekewa njia zake, sio kila kichochoro kinaruhusu gurudumu, na njia panda zina namba ili mtu asipotee. Sehemu nyembamba wanaachiwa wa miguu. Lakini Karura ina uzio, ina geti, ina kiingilio, ina walinzi. Mlali haina geti. Hakuna askari atakayetokea nyuma ya mbuyu na kusema rudi. Kwa hiyo utaratibu inabidi mtu aje nao kichwani mwake, chini ya hiyo helmeti.

Na utaratibu huo upo tayari, hauhitaji semina. Waulizwe wenye Phoenix. Mwendesha baiskeli wa vijijini akikaribia watu kwa nyuma, kengele inalia mapema, sio mgongoni kwa mtu. Kama kengele ilishakufa, anakohoa, anapiga mluzi au anaanza salamu akiwa bado mbali. "Mbukwenyi!" Au Kiswahili tu, "Shikamoo mama, naomba njia." Anajibiwa "Marahaba, pita mwanangu," na mama anasogea kwa hiari yake, polepole, ndoo haitikisiki. Pakiwa pembamba, huyo wa baiskeli anashusha mguu. Akikutana na ng'ombe anateremka kabisa, maana ng'ombe hasomi helmeti.

Wasije wakafanywa malaika, jamani. Kuna vijana wa baiskeli vijijini hawana breki wanasimamisha kwa kandambili, wanasugua soli kwenye tairi la nyuma huku wanamuomba Mungu, na wamebeba mtu mbele na dumu nyuma. Kuna bodaboda za huko zinazopita kama zimefukuzwa na nyuki. Lakini "naomba njia" bado ina uzito. Ndani yake kuna kukubali kwamba njia ina mwenyewe wakati huo, na unayepita kwa haraka ndiye unayeomba. "Pisha" ni amri. Katika kijiji, kijana kumpa amri mama mtu mzima asiyemjua ni utovu wa adabu, awe na gia au asiwe nazo.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo, kuna malori yanaua kwenye barabara kuu kila siku, waende wakahangaike na hayo. Malori yanaua, ni kweli. Lakini kutembea kwa nchi hizi sio jambo dogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2022 ilikadiria kwamba Mwafrika wa kawaida anatumia karibu dakika 56 kwa siku akitembea au akiendesha baiskeli ili tu afike anakokwenda. Hayo sio mazoezi. Hapo hakuna maji ya chupa ya kupozea wala nguo ya kubana. Mtu wa mazoezi yuko njiani saa mbili kwa wiki kwa kupenda, wa Mlali yuko njiani kila siku kwa kulazimika. Wa kupenda ndiye wa kusubiri.

Halafu kamera. Hii peke yake inatosha kuandikiwa ukurasa. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 2023, na sura ya mtu ni ya kwake hata kama amevaa kanga iliyochakaa. Mama aliyerukia miibani hakuomba kuchekesha watu wa Masaki. Mtoto mwenye magongo hakuomba kuwa mandhari ya unyenyekevu wa mdada wa kishua. Kama raidi haiwezi kunoga bila kumdhalilisha mtu anayetembea, basi hiyo raidi haikuwa nzuri tangu mwanzo, ilikuwa tangazo.

Vitu vinavyodaiwa hapa wala havihitaji bajeti. Genge likikaribia kijiji, liende mstari mmoja. Mwendo ushuke mpaka uweze kusimama ndani ya hatua chache, na karibu na kituo cha watoto, shule na visima watu washuke wasukume, dakika tano hazimwondolei mtu ubingwa. Kengele ya elfu chache ifungwe kwenye baiskeli ya mamilioni, maana la kushangaza ni kwamba nyingi hazina, eti zinaongeza uzito. Mtu akimwagiwa maji kwa sababu yako, unasimama, unarudi naye kisimani, unabeba ndoo. Kamera ikiwa imezimwa.

Wenye klabu wanaweza kuanza leo. Viongozi wa klabu hizi wanajua kabisa ni nani huwa wanapaza "pishaaa", wanawaona kwenye magrupu, wanawapigia makofi kwa sababu wana wafuasi wengi na wanaleta wadhamini. Mtu akikwepa kuvaa helmeti anazuiwa kuanza safari. Akimrukisha bibi kichakani anapewa picha ya ukurasa wa mbele.

Na Serikali nayo isikae pembeni kama vile ni ugomvi wa mabishoo na wanakijiji. Barabara za vumbi zinageuzwa lami moja baada ya nyingine, na siku lami inapofika, kasi ya kila chenye gurudumu inapanda siku hiyo hiyo, kuanzia baiskeli, bodaboda hadi Fuso lenye mahindi ya Kibaigwa. Mkandarasi akipita anaacha mtaro pande zote mbili na mstari mweupe, basi, wa miguu atembee wapi atajua mwenyewe. Upana wa mita moja na nusu kila upande, ulioinuliwa, kwa ajili ya mtu mwenye ndoo na mtu mwenye gongo, unatakiwa uwe kwenye mchoro kabla greda halijawashwa, kwa sababu baada ya lami kukauka hakuna anayerudi kuuongeza.